Jogoo wa Kijivu wa Radoman

Jogoo alikuwa ameshaliwa wiki mbili zilizopita, na aliyempika ni Stanija mwenyewe. Supu ilikuwa tamu, Mungu amsamehe.

Sasa alikaa ukingoni mwa mto Tara, visigino kavikita kwenye jiwe, kamba kaizungusha kiunoni mara mbili. Kwenye mwisho wa pili wa kamba ile alikuwa mumewe, Radoman, mwenye miaka sabini na mitatu, maji yamemfika mapajani. Maji yenyewe ni theluji ya jana. Hivyo ndivyo walivyovua kila theluji ilipoanza kuyeyuka, mume majini, mke kambani, kwa sababu Tara ukikubeba mle korongoni, wa kukuokota yuko Bosnia, nchi jirani.

"Legeza!" akapiga kelele Radoman.

"Nimelegeza! Linalovuta ni tumbo lako!"

Utani ulikuwa wa mdomoni tu.

Siku ya Pasaka mtoto wao Vidak alitokea bila taarifa, na mgeni hapewi maharage. Stanija akatoka na kisu. Jogoo mwekundu alikuwa amerukia juu ya mti wa plamu. Wa kijivu akawa miguuni pake, mpole kama padri. Basi. Akakumbuka baadaye, kichwa kimeshadondoka, kuwa yule hakuwa wa kuliwa. Alikuwa wa kunyofolewa manyoya ya shingo, mawili matatu kila mwaka, Radoman ayafunge kwenye ndoana yageuke nzi wa bandia wa kuvulia. Samaki trauti wa Tara mwezi wa tano hataki nzi mwingine. Na chambo cha mnyoo Radoman hakuwahi kukigusa. Kwake mnyoo ni wa walevi. Stanija akasema supu ni ya kuku mzee. Mume hasikii vizuri, hakujua hata kwamba kuwika kumekoma.

Na juu ya supu hiyohiyo Vidak akasema, "Baba, mwaka huu Mtakatifu Joji anaangukia Ijumaa. Siku ya mtakatifu wa ukoo wetu, na Ijumaa ni mfungo, nyama hakuna. Ukiweka trauti mezani kwa mkono wako, sisemi tena. Ukishindwa, Jumamosi mnafunga mizigo, mnahamia kwangu mjini. Nimechoka kuota mmezama."

Radoman, pombe ya rakia ikiwa imemkolea, akampa mkono. Mkono ukishatolewa juu ya meza ya Pasaka, umetolewa.

Stanija aliwahi kukaa wiki moja huko mjini, ghorofa ya nne. Aliona mbwa kavaa sweta. Alirudi nyumbani akaoga kama aliyetoka mazishini.

Na leo ndiyo Ijumaa. Nzi watatu waliobaki tangu mwaka jana walikuwa wamekwisha, mmoja kwenye tawi, mmoja chini ya mwamba, mmoja mdomoni mwa samaki aliyekata mshipi akaenda zake. Jua lilikuwa linakaribia utosini, na saa ile ndipo vidudu vya kijivu huibuka majini, kwa muda mfupi tu, kisha trauti hufunga mdomo mpaka kesho. Wageni wangekaa mezani saa tisa.

"Fungua kopo!" Radoman akaita. "Nifungie nzi mpya. Si nilikwambia jana umnyofoe yule jogoo?"

"Nimemnyofoa!" alisema Stanija. Huo haukuwa uongo.

Tangu macho ya mumewe yaache kuona vitu vya karibu, kufunga nzi ilikuwa kazi yake. Koponi mlikuwa na ndoana, uzi na nta. Unyoya haukuwamo hata mmoja. Akaangalia huku na huku kama mwizi wa mayai. Hapakuwa na kunguru, hapakuwa na bata. Akampa mto mgongo, akavua kitambaa, akashika mkia wa msuko wake wa kijivu, akakata kwa kisu cha samaki. Akalowesha kwa mate, akazungusha uzi, akakaza kwa meno. Kilichotoka kilifanana na nyusi za padri mwenye hasira.

"Upesi, mwanamke! Vinaibuka!"

Radoman akasogea ukingoni, Stanija akamfunga nzi mshipini; mzee akaurusha mara ya kwanza, ukapita patupu. Mara ya pili, patupu. Stanija aliahidi mshumaa kwa Mtakatifu Joji, kisha mishumaa miwili, kisha akamtukana.

Mara ya tatu maji yakapasuka.

Radoman akamfuata samaki hatua moja, mbili, ya tatu hakuipata. Akazama kichwa na kofia. Fimbo ya kuvulia peke yake ilibaki juu, imepinda, inatembea na maji. Kamba ikamburuta Stanija kwa makalio juu ya mawe.

"Iachie fimbo!" alilia. "Achia, mzee mpumbavu, tutahamia mjini, nitavaa sweta mimi na mbwa! Achia!"

Hakuachia. Kisigino cha Stanija kikapata ufa, akavuta, akavuta mpaka macho yakaingia giza. Radoman akatoka kwa magoti, midomo ya bluu, mshipi kaung'ata, na nyuma yake trauti mmoja, urefu wa mkono tangu kiwiko.

Saa tisa samaki huyo alikuwa katikati ya meza, watu kumi na mmoja wanamtazama. Vidak aliona mchubuko wa kamba mikononi mwa mama yake.

"Nilitoa mkono," alisema mwishowe, na akajikatia kipande kidogo sana.

Jikoni Radoman, nzi kamshika vidoleni, akamwegemea mkewe sikioni. "Nzi huyu si wa jogoo."

"Umejuaje, na macho hayo?"

"Vidole vyangu vimelala na nywele hizi miaka arobaini na minane. Jogoo yuko wapi?"

"Ulimnywa bakuli mbili."

Radoman alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hakikutaka kuisha. Stanija akamshikisha kikombe cha chai. Kikagonga meno yake, chai ikamwagika kifuani. Tangu adhuhuri mikono ya Radoman haikuwa imeacha kutetemeka kwa baridi.

Akaupapasa msuko wake chini ya kitambaa. Nywele zilikuwepo za kufungia nzi miaka mingi tu. Akafumbata mikono ya mumewe pamoja na kikombe, akaikaza kama alivyoikaza ile kamba, huku mezani wakiita waletewe mkate.