Tanuri Lisilopita Mlangoni

Siku ya kesi Mama Cherehani alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akaufumua, akaushona tena vilevile. Miaka thelathini yuko kwenye cherehani na kosa hilo hajawahi kulifanya. Akalitupa gauni la watu kitini, akavaa viatu, akavivua, akarudi kuangalia kama kopo la biskuti bado limo kwenye kikapu. Limo. Akaangalia tena. Bado limo.

Ndani ya kopo mlikuwa na risiti za nyumba ya binti yake: saruji, nondo, mabati, misumari, rangi. Alizitunza miaka minane, zimenyooshwa kama noti mpya. Binti mwenyewe alikuwa mwembamba tangu utotoni, ndiyo maana wakamwita Sindano, na kazi yake ilikuwa kuoka mikate na kuiuza. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Cheche. Sasa Cheche amepata mwingine, ndoa imevunjwa, na anataka Sindano na wanawe wawili watoke kwenye nyumba ile mikono mitupu. Leo mahakama ingesikiliza nani achukue nini, na watoto watunzwe kwa kiasi gani. Mama Cherehani alikwenda roho ikiwa juu, lakini alikwenda na kopo.

Kwenye baraza la mahakama hakukalika.

"Mama, keti."

"Nimeketi."

"Umesimama, mama."

Akaketi. Akahesabu nondo za dirisha, kumi na moja, akainuka. Utepe wake wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Alikuwa amesahau kuuvua. Sindano aliutazama akataka kucheka, ikashindikana.

Walipoitwa ndani walimkuta Cheche amevaa ovaroli lililotobolewa na moto, magoti nje, kama mtu aliyeokotwa jalalani. Mama Cherehani akasonya. Mkwe huyu alikuwa na suti nzuri ya kijivu. Aliijua sana, maana aliishona yeye, na hela ya ushonaji hakuchukua.

"Mheshimiwa," Cheche alianza, sauti ya mpole asiye na makuu, "nyumba ile nimejenga mimi, kwa jasho langu. Mwenzangu alikuwa anakaa nyumbani tu. Nyumba ilipokwisha nikamwonea huruma, nikamtengenezea tanuri la mikate, apate vihela vya chumvi. Tanuri hilo nampa. Alichukue, aende nalo. Mimi sina choyo."

Watu waliokaa nyuma wakaguna kwa kumsifu. Sindano akauma mdomo.

"Na watoto?" akauliza hakimu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Kazi imelala, Mheshimiwa. Miezi inapita sipati hata geti moja. Nitajikaza, niwape hela ya mkate mmoja kwa siku."

"Mheshimiwa," Sindano akadakia, "na huo mkate wenyewe atakuja kununua kwangu?"

Chumba kikacheka. Hakimu akagonga meza, lakini naye alikuwa ameficha mdomo kwa karatasi.

Ikafika zamu ya kopo. Mama Cherehani alilipeleka mbele kwa mikono miwili. Alijua ukweli ulivyokuwa: tanuri lilitangulia. Lilikaa peke yake kwenye kiwanja kitupu, juu yake mabati manne tu, na Sindano akioka hapo mvua ikimpiga mgongoni. Wakati huo Cheche alikuwa kibarua kwenye karakana ya watu, analipwa siku bosi akikumbuka. Mikate ndiyo iliyonunua saruji. Risiti zote hizi ni za mikate.

Karani akafungua kopo akaanza kusoma. Saruji mifuko kumi, imeandikwa jina la Cheche. Nondo ishirini, jina la Cheche. Mabati, Cheche. Misumari kilo tatu, Cheche. Hata brashi ya rangi ilikuwa ya Cheche. Alipofika ya ishirini na kitu akashusha sauti, kama mtu anayemsomea mwenzake barua ya msiba.

"Mama," akasema taratibu, "hizi umemletea mkweo."

Cheche alitazama chini, mabega yakimtikisika. Alikuwa anacheka.

Mama Cherehani akakumbuka duka la vifaa vya ujenzi, miaka minane nyuma. Sindano amesimama mbele ya kaunta na aproni yenye unga, hela ya mikate imefungwa kwenye kitambaa. Mwenye duka akauliza, "Niandike jina gani?" Sindano akafungua mdomo ataje lake. Ni yeye, mama mtu, aliyempiga kiwiko cha ubavuni. "Taja la mumeo! Nyumba ya mwanamume itaandikwaje jina la mke? Watamcheka huko nje, watasema umemweka mfukoni." Na kila walipokwenda dukani baada ya hapo, Sindano hakungoja tena kiwiko. Alitaja la mumewe mwenyewe, kwa madaha, kama mke mwenye adabu zake. Wenye mabinti na mtulie hapa kidogo, mmtazame mama huyo: hakuwa adui wa mwanawe. Alimpenda. Alitaka aonekane ameolewa vizuri.

Hakimu akavua miwani. "Alhamisi saa nne asubuhi nitakuja kuiona hiyo mali kwa macho yangu. Na huyo anayepewa tanuri aje na watu wa kulibeba."

Siku tatu hizo Mama Cherehani hakumaliza nguo hata moja. Alikuwa akianza pindo anaacha, anakwenda kwa Sindano, anafika anasahau alichokuja kusema, anarudi. Jumatano alimkuta anakanda unga, mikono imezama hadi viwiko.

"Mwanangu, ile siku ya duka..."

"Mama, niache nikande."

"Nilisema watamcheka."

"Ulisema." Sindano akaupiga unga ngumi. "Sasa wananicheka mimi. Lakini hukunishika ulimi, mama. Mdomo ulikuwa wangu. Haya, nipe chumvi hiyo."

Mama akampa sukari. Sindano akaitazama, akairudisha mezani, akachota chumvi mwenyewe.

Alhamisi hakimu alikuja na karani aliyebeba jalada na lile kopo. Majirani walijaa uani. Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne, nzuri, madirisha yake yana maua ya chuma aliyoyachomelea Cheche mwenyewe. Ubavuni kulikuwa na karakana yake. Tanuri lilikuwa kwenye chumba cha nyuma, kubwa, jeusi, tumbo kama la mjamzito wa mapacha.

Wabebaji wanne wakalishika huku na huku wakalifikisha mlangoni. Halikupita. Wakaligeuza ubavu, halikupita. Mmoja akashauri wang'oe fremu, mwenzake akamwambia hata ukimng'oa mwenye nyumba halipiti hili.

Mama Cherehani hakuweza kusimama tu akitazama. Miguu ilimwasha. Akavuta utepe wake shingoni, akapenya katikati ya wanaume wale, akapima mlango kama anavyopima kiuno cha mteja. "Themanini." Akapima tanuri. "Mia moja na kumi na mbili. Na hapa nimebana pumzi."

"Liliingiaje?" akauliza hakimu.

Cheche hakubabaika. "Nililichomelea humuhumu ndani, Mheshimiwa. Kama nilivyosema. Nyumba ilikuwa imekwisha, nikaleta vyuma, nikaunganishia hapa hapa."

Hakimu akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa inaingia akilini. Fundi wa kuchomelea anaweza. Karani akaandika, na Mama Cherehani akasikia kalamu ile kama inamkwaruza mfupa. Akageuka huku, akageuka kule, akazunguka tanuri lile lililoachwa katikati ya chumba, akalizunguka tena, mkono ukilipapasa kama anayetafuta pini kwenye kitambaa. Mgongoni mwa tanuri, upande uliokaa ukutani miaka yote, vidole vyake vikakuta uvimbe kwenye chuma. Hapa mstari, hapa kitone.

Akaupitisha kidole tena.

Cheche alikuwa na tabia moja tangu ujana wake, na mtaa wote uliijua. Kazi haikutoka mikononi mwake bila kuchomelewa mwezi na mwaka, kwa herufi ndogo nzuri, mahali pa kujificha. Geti, kitanda, hata jiko la mkaa la bibi mmoja lilikuwa na tarehe kitakoni. "Nikifa, vyuma vitanitaja," alikuwa akijigamba.

"Leteni maji," Mama Cherehani akasema. "Na kitambaa. Upesi, jamani!"

Sindano akaleta mwenyewe. Akasugua masizi. Chini yake ikatokea, kwa mwandiko wa moto wa Cheche: mwezi wa pili, na mwaka wake.

"Mheshimiwa, naomba zile risiti," mama akasema. "Ya kwanza. Ile ya saruji."

Karani akafungua kopo, akaishika kwenye mwanga, akasoma tarehe. Akasoma tena. Mfuko wa kwanza wa saruji ulinunuliwa mwezi wa sita, mwaka uliofuata.

Hakimu akainama, akaweka kidole juu ya zile namba za chuma, akaufuata mstari wake taratibu. Kisha akamgeukia Cheche.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

Cheche akalamba midomo. Angeweza kukana, lakini majirani wote walikuwa wamesimama pale, na kila mmoja ana chuma chake nyumbani.

"Ni wangu."

"Kwa hiyo tanuri hili lilikuwa linaoka mwaka mmoja na zaidi kabla hujanunua saruji. Na ukuta ulijengwa kulizunguka. Na mahakamani uliapa nini?"

"Nilichanganya miaka, Mheshimiwa."

"Wewe huchanganyi miaka," hakimu akasema. "Wewe unaichomelea." Akatoka uani, akaenda moja kwa moja karakanani, ambako mageti yalikuwa yameegemezwa ukutani yakisubiri wenyewe. Akainama nyuma ya moja, akaenda la pili, la tatu. "Karani, andika. Mageti matano, yote ya mwezi huu. Huyu ndiye ambaye kazi yake imelala."

Jirani mmoja akasema kwa sauti, "Imelala na mageti matano, ikiamka je?" Watu wakaangua kicheko. Mama Cherehani ndiye peke yake aliyeshindwa kucheka, alikuwa akiukunja na kuukunjua utepe wake.

Hukumu ilitoka wiki mbili baadaye. Matunzo ya watoto yakapangwa kwa kuangalia mageti, si ovaroli: kila mwezi, kupitia mahakamani, pamoja na ada za shule, hadi wawe watu wazima. Tanuri ni la Sindano. Nyumba ithaminiwe, na Sindano apate sehemu nne kati ya kumi. Cheche amlipe ndani ya miezi sita, akishindwa iuzwe.

Majirani walipiga vigelegele. Mama Cherehani akanyoosha mkono kama mtoto darasani.

"Mheshimiwa, kwa nini nne? Kwa nini si nusu?"

Karani alitaka kumnyamazisha, hakimu akamzuia. "Tarehe imenionyesha alikuwa akifanya kazi kabla ya nyumba, mama. Haikunionyesha alinunua kipi. Karatasi zote zina jina la mwenzake. Ningeona moja tu yenye jina lake, hata ya misumari, ningekuwa na pa kushikia."

Hata ya misumari. Maneno hayo yaliondoka naye. Alilala nayo, akaamka nayo, akayashonea kwenye mapindo ya watu. Sindano akimwambia, "Mama, tumeshinda," anaitikia ndiyo, kisha midomo inaendelea peke yake: sita kwa nne.

Kulitoa tanuri ilibidi ukuta uvunjwe. Cheche alisimama pembeni akitazama nyundo zikipiga, na vumbi lilipotulia tanuri likatoka kwenye tundu lile, kwa mara ya kwanza tangu siku za mvua, likapakiwa mkokoteni. Sindano alikuwa amepanga chumba chenye uwanja barabara ya pili. Safari hii walipima mlango kwanza.

Kilichobaki ni bati la kivuli, mabati manne kama zamani, na misumari. Mama Cherehani alisema atakwenda naye dukani. Sindano akamwambia abaki apumzike. Hakubaki.

Duka lilikuwa lile lile, mwenye duka ndiye yeye, nywele zimeingia mvi. Akahesabu mabati, akapima misumari nusu kilo, akavuta kitabu cha risiti na kuanza kuandika bila kuuliza, kwa mazoea ya siku nyingi.

"Unaandika nini?" Mama Cherehani akauliza.

"Si jina la Cheche, kama kawaida?"

"Chana."

"Mama, ni misumari tu hii."

"Nimesema chana, baba!" Akapiga kaunta, misumari ikaruka. "Chana mbele yangu, uandike upya."

Mwenye duka akachana. Akashika kalamu, akamtazama Sindano. "Haya, jina?"

Sindano akafungua mdomo. Mama mtu, bila kujijua, alikuwa tayari ameinua kiwiko. Akakiona kiko hewani, akakishusha polepole, akakibana kwa mkono wa pili.

Sindano alitaja jina lake lote, lake na la baba yake na la babu yake, herufi kwa herufi. Mama Cherehani alisogeza risiti kwenye mwanga, akaisoma kwa kidole. Nje ya duka akaisoma tena. Walipofika kwenye kona akasimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku, akaitoa tena kifuani.

"Mama, twende. Jina haliwezi kutoroka."

"Ngoja," akasema. "Ngoja niangalie na tarehe."