Mkono wa Shangazi Ulivyodai Meza

Najua hamtaniamini. Hata mimi ningesimuliwa na mtu ningemwambia, hebu nenda kanawe uso kwanza. Lakini nilikuwepo, simu mkononi kama kawaida yangu, na nawaambia: mkono wa kushoto wa shangazi yangu, uliojikunja kifuani tangu kiharusi kimpige, ulipanda juu mbele ya mafundi wote na kumvua mwenyekiti wao kofia. Na Shangazi hakuuamuru.

Ngoja nirudi nyuma.

Shangazi ni mkata nguo. Akikukatia suti, inakukaa kama mmezaliwa pamoja. Karakana yao ni ukumbi mmoja mrefu wenye meza za mafundi pande zote, na meza ya Shangazi ndiyo ya dirishani, yenye mwanga, ambayo kila fundi anaiota. Halafu asubuhi moja, kiharusi. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi, tena huo ndio uliotangulia. Mkono wa kushoto ukagoma. Ukakunja ngumi na kubana kifuani, kiasi kwamba wageni waliokuja kumpa pole walikaa mbali kidogo.

Hospitali wakatupatia kifaa: kibao chenye mikanda, na kigurudumu ubavuni. Unaufunga mkono, unazungusha, vidole vinafunguka kidogo kidogo mpaka kiganja kinalala bapa. Kazi ya kuzungusha nikapewa mimi. Siku ya kwanza nilizungusha kama nafungua bomba. Mkono ukakaza kama kamba ya ng'ombe, na Shangazi akanitukana matusi ambayo sikujua kama anayajua.

"Polepole," dada wa mazoezi kutoka hospitali akanifundisha. "Ukiuharakisha, unakaza. Ukiubembeleza, unalegea wenyewe." Alipofika mlangoni akageuka. "Halafu akipiga mwayo, mkono unaweza kupanda juu. Msishtuke. Hajapona, wala hajapandwa na kitu. Ni mwili tu."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kila mwayo, mkono huo juu! Shangazi akawa anausema kama mtoto mtukutu: "Nikikutuma huendi. Nikisinzia, unakimbia."

Ikafika siku ya kudai meza. Karakana ile ina desturi yake: mwaka ukianza, kila fundi anasimama kwenye meza yake, mkasi mkono wa kulia, na kunyoosha mkono wa kushoto, ule unaoshika kitambaa. Ukinyoosha, meza ni yako. Ukishindwa, anaichukua mwenzio.

Na mwenzio alikuwepo. Tunamwita Pindo, kwa sababu hajawahi kushona suruali ambayo pindo lake lilifika nyumbani salama.

Asubuhi hiyo Shangazi alikataa nimfungue kifaa. "Nikienda bila kibao nitanyoosha ngumi. Watasema natangaza vita."

"Na mkono usipopanda je?"

Akachukua mkasi wake. "Nitakaa nyumbani nikikutazama unavyochezea simu. Unaona hayo ni maisha?"

Basi tukaenda. Zamu yake ilipofika, akasimama dirishani, mkasi kulia, kibao kushoto. Akavuta pumzi. Akakaza meno, shingo ikatoka mishipa. Na kadiri alivyojitahidi, ndivyo mkono ulivyozidi kujikunja kifuani pamoja na kibao, kama jongoo aliyeguswa. Cherehani zikasimama. Nikasikia pasi ikipoa.

"Jamani, tusimtese mama wa watu," Pindo akasema kwa huruma nyingi, huku futi yake ya kupimia imeshatandazwa juu ya meza.

Mwenyekiti akasogea kumfariji. Na mwenyekiti wetu hafariji kwa kifupi. "Dada yetu, karakana hii, tangu waasisi wake walipokaa chini wakaona umuhimu wa..." Akaendelea. Akapita kwa waasisi, akaingia kwenye uzi, akatokea kwenye umoja. Shangazi hakuwa amelala usiku kucha. Nikaiona pua yake ikicheza. Nikasema moyoni, hee!

Mwayo ukaja. Mkono ukapanda na kibao chake, kiganja wazi, vidole vimenyooka kama vya askari anayesimamisha magari, na kofia ya mwenyekiti ikaruka hadi kwenye kapu la vipande.

Vigelegele! Mafundi wakapiga mikasi mezani. Pindo peke yake hakushangilia.

"Huo ni mwayo! Nimemwona mpaka magego! Arudie!"

Mwenyekiti akaiokota kofia, akaipangusa nyuzi. "Haya, dada. Mara moja tu, tumalize maneno."

Shangazi akanitazama. Mwanamke huyu hajawahi kumwomba mtu kitu, hata maji anajichotea. Lakini macho yale yaliniomba. Simu yangu ilikuwa juu, inarekodi. Nikaishusha.

Nikapiga mwayo.

Si mwayo wa adabu, wa kuziba na kiganja. Mwayo wa kiboko, na sauti yake. Na mnajua mwayo hauna mwenyewe. Ukamshika fundi wa vifungo. Ukaenda kwa mama wa mashuka. Ukampata mwenyekiti. Ukampata Pindo mwenyewe, akafungua kinywa akitaka kupinga na kikabaki hivyohivyo. Mwisho kabisa ukamfikia Shangazi.

Mkono juu!

"Meza yake," mwenyekiti akasema, kinywa hakijafungika vizuri.

Tulipokaribia nyumbani, akanigeukia. "Umenipa meza," akasema. "Kazi je, utanifanyia?"

Kesho yake akatandaza kitambaa, akauweka juu yake mkono wake na kibao. Ukalala hapo, bapa, mzito, kitambaa hakitikisiki. Mkasi ukapita. Mstari ulinyooka kuliko wa zamani. Pindo akaja, akatazama, akazunguka meza, akatazama tena.

"Kibao hicho," akauliza kwa sauti ya chini, "wanakitoa wapi?"

Mpaka leo namzungushia kila asubuhi. Polepole. Juzi nilipofungua mikanda, kidole cha shahada kilichelewa kujikunja. Tukakitazama wote wawili, tukaogopa hata kukigusa.

Pindo naye bado ananifuata: nimwambie ukweli, mwayo wangu ule ulikuwa wa usingizi au wa makusudi? Mimi najifanya napokea simu. Lakini ninyi niambieni. Ungekuwa umesimama pale, Shangazi anakutazama namna ile, ungefanyaje?