Hodhi la Nyar Rodi

...wala si nyumba, hodhi la kuogea si nyumba, ni chombo, ni karai lililokua kuliko wenzake, na karai likitoboka hakuna anayemuuliza mjane kama ameshachukuliwa na mwanamume au bado, analiziba, anafua, maisha yanaendelea, basi hivyo ndivyo atakavyosema Phelesia wakimuuliza, atasema ni chombo tu, huku amepiga magoti ndani ya hodhi lenyewe, gauni amelikunja hadi mapajani, kidole amekizungushia waya inayoshuka tunduni, na huko chini ya tundu, mahali ambapo jicho halifiki, waya imeshika kipande cha kadibodi alichokibandika kitambaa cha faiba na kukipaka ile gundi ya kuzibia mashua, alikikunja, akakipenyeza, kikafunguka chini kama mwavuli, sasa akivuta kinabana, akilegeza kinadondoka, na kikidondoka hakuna mkono wa binadamu utakaokifikia, kijiti alichotaka kufungia waya kimevunjika, kwa hiyo kijiti ni yeye, na ndipo hapo, katika saa zote alizoumba Mungu, Cephas anabisha hodi na kuingia sebuleni bila kungoja jibu, "Nyar Rodi, uko? Nimekuja na wazee," Nyar Rodi, binti wa Rodi, ndivyo wanavyomwita tangu aolewe hapa Kendu Bay, utadhani ameshuka jana na kikapu chake kutoka Rodi Kopany na kesho atarudi, "niko bafuni, shemeji, kaeni," sauti imetoka nzuri, imetulia, ahsante, na viti vinaburutwa, wanakaa, bila shaka mmoja amekalia kiti cha marehemu mumewe, Austine... anajua wamekuja na nini, si mahari, si pole, wamekuja na tero, mjane akabidhiwe ndugu wa marehemu ndipo nyumba ifunguliwe, na kabla ya hapo nyumba ya mjane haiguswi, haipigwi msumari, haibandikwi bati, ikivuja ivuje, naye ametii, misimu ya mvua imekuja na kupita yeye akipanga mabeseni chini ya paa mithili ya mwuza vyombo, ametii kwa sababu anaogopa, asijidanganye, anaogopa chira, ile laana inayomkausha aliyevunja mwiko, na ikimkosa yeye inawafuata watoto, juzi Beverly alipokohoa usiku kucha aliliuliza giza, nimefanya nini, nimegusa nini... kidole kinauma, waya imeingia nyamani, usilegeze, Austine alikuwa akisema gundi hii ukiiharakisha inaungua, ukizubaa inakugandia koponi, alikuwa akisema hivyo pale Homa Bay ufukweni, tumbo limebanwa na ubavu wa mashua ya mtu, naye Phelesia amemshikia kopo, mke mshika kopo, watu wakicheka, na siku ile hoteli moja mjini ilipobomoa vyumba vyake vya zamani Austine akaja na hodhi juu ya pikapu, amelikumbatia lisianguke, kijiji kizima kikatoka kutazama, wakaliita mtumbwi, wakasema nyar Rodi sasa ataoga akiwa amelala kama samaki mbuta, na yeye akaoga, mtungi kwa mtungi wa maji ya kuteka, akaoga akiimba ili wasikie... "Nyar Rodi, hebu toka basi, wazee hawawezi kaa hapa kutwa," "nakuja, shemeji," haji, ataendaje, na ndani ya hodhi hilihili alimwogesha Austine miezi ile ya mwisho aliposhindwa kusimama, mwili umekuwa mwepesi mpaka aliweza kumwinua peke yake, akimmwagia maji ya vuguvugu mgongoni polepole, Austine akisema usinimalizie maji yote, nawe utaoga nini, hapa, magoti yake yalipo sasa ndipo mgongo ule ulipoegemea, na siku ya matanga walilijaza hodhi hili soda na mabonge ya barafu, hakuna aliyemuuliza, yeye amekalishwa chini kando ya jeneza, akasikia tu kishindo, kishindo cha pili, ni Cephas anapasua barafu kwa kisigino cha shoka, na cha tatu kikatoboa, barafu ikayeyuka ikapita tunduni ikalowesha sakafu, Cephas akachungulia akasema ah, ni plastiki tu, akatoka na soda yake, plastiki tu... na hasira aliyoimeza siku ile inarudi sasa nzima nzima, haijapoa hata kidogo, maana Cephas hajakauka, Cephas kanenepa, watoto wake wanacheza mpira, sasa huu ni mwiko gani, mkono uliotoboa hauna chira, mkono unaoziba ndio wenye chira? Na hao wazee wake, ambao kila baraza hawakosi kuwaambia watu usipoziba ufa utajenga ukuta, kumbe huwa wanaongea na nani... na Beverly, ngoja, Beverly analala wapi, analala upande wa dirisha, pale maji ya paa yanapodondokea, blanketi lake halijakauka tangu mvua zianze, mtoto amelala ndani ya maji halafu mama yake anakaa gizani anauliza amegusa nini, hajagusa kitu, hilo ndilo kosa, hajagusa kitu, angeligusa lile bati mtoto asingekohoa, Mungu wangu, amekuwa akiogopa kitakachowapata akitengeneza huku ambacho hakikutengenezwa kinakula kifua cha mtoto wake.

Waya imekaza, na kadibodi imeanza kupata joto, anaisikia kupitia kidole, gundi inachemka bila moto, ndivyo inavyoshika, bado kidogo, bado, na nyayo za Cephas zinakuja ukumbini, zinasimama nje ya mlango wa bafu, anavuta pumzi puani, mara moja, mara mbili, kisha anasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu aliyekutana na mtu, "hii harufu... hii si harufu ya kazi ya Austine?" mlango uko katikati yao, na ni kweli, ndivyo Austine alivyonuka kila jioni, shati lake, nywele zake, mpaka mkate alioushika ulinuka hivyo, na kwa kitambo hicho kidogo Phelesia anamhurumia Cephas, ndugu yake alikuwa mmoja tu, anamhurumia kweli, lakini hailegezi waya, huruma na waya ni vitu viwili, "Nyar Rodi," Cephas anasema, na sauti ya wazee imemrudia, "unatengeneza nini huko ndani?" na jibu lipo, liko mdomoni tangu asubuhi, amelifanyia mazoezi, ni chombo shemeji, ni karai tu, wangelipokea, wangecheka hata, wangesema wanawake na vyombo vyao, naye angetoka na chai na nyumba ingebaki inavuja kwa heshima, ila mbona aliite karai, karai halikumbeba mume wake, karai halina ukuta lilioegemea wala bomba linalopita chini ya sakafu hii aliyoisiliba kwa mikono yake akiwa na mimba ya Beverly, hodhi ni la bafu, na bafu ni la nyumba, na nyumba ni yake, ndivyo ilivyokuwa hata alipokuwa akinong'ona kwamba sivyo, kwa nini aibe ukarabati ndani ya nyumba yake mwenyewe kama panya anayeiba mahindi, hofu haijaenda popote, imekaa palepale ilipokuwa, basi nayo ikae, anazungusha waya tena juu ya kidole na kuinua sauti, hasemi na mlango, anasema na sebule, wazee nao wasikie.

"Nyumba, shemeji. Natengeneza nyumba yangu. Hapa nikimaliza, napanda paa."

Kiti kinalia sebuleni. Mzee mmoja anakohoa, mwingine anauliza amesema nini, na Cephas, aliyesikia vizuri, amesimama tu nje ya mlango ndani ya ile harufu, na Phelesia yuko palepale, magoti yamekufa ganzi, kidole kimekuwa cheusi, waya imekaza.

"Mwambie arudie," anasema mzee.

"Nitarudia nikitoka," anasema Phelesia. "Kaeni. Gundi haijashika."