Kuku Asiye na Ngozi

Mzee Mukhisa aliingia Matisi, mtaa wa Kitale, Jumatano akiwa na mfuko mmoja wa nguo na onyo moja. Onyo lenyewe alimpa mwanawe Wanjala kabla hata hajakaribishwa kiti: akipewa chakula cha hospitali, kesho yake yuko njiani kurudi kwake Mabanga, Bungoma.

Cherono, mke wa Wanjala, alisikia kila neno akiwa jikoni. Mzee alikuwa ametoka tu kulazwa hospitali ya Lugulu. Pressure ilimpanda hadi akaanguka shambani, na daktari akawaambia watu wa nyumbani wapunguze chumvi na mafuta, bila mchezo. Kule Bungoma hilo liliwashinda. Mama mkwe, Nabwile, ni mpishi mwenye sifa zake, na sifa hizo zimekaangwa kwa mafuta. Ndipo ikaamuliwa mzee aje Kitale kwa muda. Kulala angelala kwa mdogo wake Hesbon, mlango wa tatu kutoka hapo, maana baba halali nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Kula angekula kwa Cherono. Kwa hiyo mzigo wote ukaangukia sufuria za binti wa Kikalenjin ambaye, tangu aolewe, hajawahi kumpikia mkwe wake kuku peke yake.

Akashika kikapu akaenda kununua vitu. Dukani alisoma maandishi ya nyuma ya kila pakiti kama mtu anayekagua hati ya shamba. Kumbe ule unga wa mchuzi anaoutumia kila siku, ule ule anaowasifia majirani, kitu cha kwanza kilichoandikwa hapo ni chumvi! Cherono alijionea haya. Siku zote hizo alijidai amepunguza chumvi, na huku anaimwaga kwa kijiko kingine. Akaurudisha mahali pake, akayapita mafuta mazito ya kopo bila kuyasalimia, akachukua chupa ndogo ya mafuta ya alizeti. Huko nje akanunua nyanya zilizoiva vizuri, dania, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, na mafungu ya mrenda na kunde. Unga mweupe wa pakiti hakuugusa. Mahindi alikuwa nayo nyumbani, akayachanganya na wimbi, akayapeleka posho mill yasagwe bila kukobolewa.

Wanjala alichinja jogoo, Cherono akamnyonyoa. Na hapo ndipo alipoharibu. Alikumbuka nesi mmoja akisema redioni kwamba mafuta mengi ya kuku yako kwenye ngozi. Basi akaivuta yote, kuanzia shingoni hadi mapajani, akamtupia mbwa wa jirani, akajipongeza. Maskini, hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mbele ya mzee wa Kibukusu kuku huja mezani akiwa kamili, na firigisi yake, na ngozi yake. Kisichoonekana, basi kuna mtu amekila jikoni.

Walipoketi mezani pamoja na Hesbon, mzee alinawa, akaomba, akafunua bakuli. Akaangalia. Akafunika. Akafunua tena.

"Mama Peris," akamwita kwa jina la mjukuu wake, "hii kuku ilikuwa mgonjwa?"

"Hapana, baba."

"Sasa mbona iko uchi? Nani amekula ngozi?"

Wanjala, shujaa wa nyumba, aligundua ghafla kwamba kamba za viatu vyake zinahitaji kufungwa. Cherono alibaki amesimama peke yake na jagi la maji.

"Imekuliwa na mbwa, baba."

Hesbon alipaliwa na maji.

"Mbwa!" mzee akapaza sauti. "Ati ngozi ya kuku yangu mmepatia mbwa?"

"Ni mimi nilitoa, baba, juu iko na mafuta mingi. Sikujua ni vibaya. Unisamehe." Sauti sasa ilikuwa imetoka na haikurudi. "Baba yangu alikuwa na hii pressure. Tulikuwa tunampikia vile anataka, kila siku, ndio tusimkasirishe. Akatuacha nikiwa class seven. Wewe ukinikasirikia ni sawa tu. Lakini mimi sitaki kuzika baba mwingine."

Hata Wanjala aliachana na viatu.

Mzee alimtazama mkaza mwanawe, kisha akauangalia ugali. Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akatafuna pole pole, kama anayetafuta kosa. Ndimu na tangawizi zikamfikia. Akamega la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Hii ni pilipili?"

"Ni tangawizi, baba."

"Mm," akasema, akachukua paja.

Walikula, vijiko vikigonga bakuli la mrenda, mpaka simu ya mzee ikalia. Alikuwa Nabwile, kutoka Mabanga, anataka kujua kama mumewe amepewa chochote cha kuingia tumboni.

"Chakula?" mzee akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Ah, Mama Wanjala, ni shida tupu. Chumvi ni kidogo, mafuta hakuna, kuku yenyewe hata ngozi haina. Hakuna mtu anapika kama wewe, bana. Mimi navumilia tu." Mkono wa kushoto ulishika simu, wa kulia ulikuwa unalivuta bakuli la kuku karibu naye. "Nirudi kesho? Hapana, hapana. Daktari amesema nivumilie mpaka mwezi uishe."

Daktari hakuwa amesema hivyo. Cherono alikimbilia jikoni, akaziba mdomo kwa leso, akacheka hadi machozi yakamtoka, na mengine yakatoka bila kicheko. Kisha akajipangusa, akabandika maji ya ugali mwingine, kwa sababu ule wa kwanza mzee alikuwa ameumaliza.