Oguttu na Uwanja wa Kwepena

Oguttu, mwenyekiti wa kamati ya maegesho, alituita wakazi wa mtaa kututangazia kwamba uwanja wa watoto, ambao kamati ilikwisha kuuzungushia uzio, utakuwa paking ya malori.

"Watoto wakae ndani wasome," akasema. "Michezo inawapotezea akili."

Nimechoka na hawa watu wa kamati. Nikasimama. "Oguttu, tulicheza kwepena hapa hapa. Tulikuwa tukikurushia mpira, unakwepa, hatukupati. Wepesi ule uliusoma katika kitabu gani? Na siku ulipotolewa mchezoni, nani alikufundisha kunyamaza bila kulia?"

"Ya zamani hayo, Mama Edgar."

"Basi ya leo. Nani alikubali tuporwe uwanja?"

"Hilo tutaliangalia baadaye."

"Mnaona? Bado anakwepa."

Watu wakacheka. Akafunga mkutano, akaondoka. Sisi tukang'oa uzio, watoto wakaingia wakikimbia.