Mzee Telesphor Kwenye Ukurasa wa Tanzia

Jamani, gazeti la Dar linaweza kukuua huku unakula ugali wako kwa raha zako. Specioza aliyaona hayo kwa macho yake, maana yeye ndiye mwandishi wa gazeti hilo hapa Mpanda, mkoani Katavi, na tangazo lile alilituma yeye.

Mzee Telesphor, jirani yake pale Majengo, alikuwa anamtafuta mwanawe Damiano. Kijana alitaka kumwoa Happiness, binti wa wafugaji wa Kisukuma kule Sitalike. Mzee, Mpimbwe wa hapahapa mwenye kichwa kigumu, akakataa katakata. Damiano akaapa hatakanyaga nyumbani baba yake akiwa hai, akamchukua mchumba wake, wakapotelea Dar. Miaka ikaenda, hasira za mzee zikaisha, upweke ukabaki. Picha ya mwanawe hakuwa nayo, ndipo Specioza akatuma ya mzee mwenyewe, yumo ndani ya koti, macho mbele, na namba yake Specioza ya simu na maneno haya: "Mwanawe Damiano, popote alipo, anaombwa afike nyumbani haraka."

Huko chumba cha habari hawakugusa hata neno. Waliongeza msalaba tu, na juu yake: TANZIA.

Asubuhi picha ya ukurasa ule ikazagaa kwenye simu. Kina mama wakaingia uani wakilia, wakamkuta marehemu ananawa mikono. Wengine wakatimua mbio, wengine wakaendelea kulia kwa kuwa walishaanza. Specioza akampigia mhariri wake, Leodgar.

"Kwani hajafa?" Leodgar akashangaa. "Mzee wa mkoani, kavaa koti, hacheki! Dada, picha za namna hiyo huwa tunazipeleka tanzia moja kwa moja."

"Lo! Basi mfufueni! Kesho muombe radhi!"

Hajakaa vizuri, simu ikaita.

"Mimi Damiano. Namba yako nimeitoa gazetini. Msimzike mzee mpaka nifike, kesho alfajiri tunapanda basi." Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia. Specioza afanyeje? Aseme mzee yu hai, kijana asije? Anyamaze, amdanganye mtoto wa watu? Simu ikakatika yeye bado hajui.

Akaenda kumweleza mzee. Mzee akasema, "Kama kufa kwangu ndiko kunamleta Damiano, binti yangu, niache nife. Usimwambie."

Jioni Specioza akampigia tena Leodgar, safari hii akimbembeleza aiondoe ile radhi.

"Dada, asubuhi umenifokea nimfufue, sasa unataka nimwue tena? Nyie wa Katavi mna nini? Ukurasa umeshaenda mtamboni."

Specioza alichanganyikiwa mpaka akatia chumvi kwenye chai, akainywa. Aliogopa, tena sana: mzee yule asingepata nafasi nyingine ya kumwona mwanawe. Siku ya basi kufika alikwenda stendi bila kujua atasema nini.

Damiano akashuka, mkononi gazeti la jana yake, limekunjwa penye radhi. Nyuma yake akashuka Happiness na begi.

"Dada Specioza? Kweli mzee yu hai?"

"Yu hai." Kudanganya kungesaidia nini tena?

"Nililinunua dirishani tulipofika Dodoma. Nikasoma. Nikamwambia dereva anishushe hapohapo."

"Sasa mbona hukushuka?"

"Alishuka," Happiness akadakia. "Mimi ndiye niliyebaki kwenye siti. Kanigongea kioo weee, nikamwambia siteremki. Nikamwuliza, kumzika ulikuwa tayari, kumwamkia ndiko kunakushinda?"

Damiano akatazama chini. Specioza akamsogelea mwanamke yule aliyekataliwa Majengo. Akampokea begi, wakaanza kwenda kwa mzee.