Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Masafa alipostaafu kazi ya kuendesha mabasi, watu wa mtaani walidhani atanunua kiwanja, au mashine ya kusaga, au walau pikipiki ya kukodisha. Hakununua hata kimoja. Alichukua kiinua mgongo chake, akaenda kwa daktari mmoja wa meno, mzee ambaye magoti yalikuwa yameanza kumgomea, akarudi na gari la kijani la viti viwili, halina paa. Yaani paa lilikuwapo, la turubai, ila lilikunjwa likalazwa nyuma, na mwenye gari akabaki anapigwa na jua kwa hiari yake. Jirani yao fundi viatu alilizunguka, akachungulia ndani, akauliza watu wengine wanakaa wapi. Masafa akamjibu kwamba hawakai. Fundi viatu akasema basi leo kiinua mgongo kimenunua kikunja mgongo, na mtaa mzima ukacheka.

Mkewe hakucheka. Huyu alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, na kwa sababu hiyo hata nyumbani walimwita Mama Mashuka. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwa nini gari lile lilinunuliwa. Alimuuliza mumewe siku ileile, wakiwa jikoni wawili tu, na Masafa, ambaye si msemaji, alijikuna shingo kwa muda kabla ya kujibu.

"Nimechoka kukuona kwenye kioo," alisema.

Mama Mashuka alimwelewa papo hapo, akageukia sufuria ili macho yake yasionekane. Tangu waoane walikuwa na gari moja tu la familia, na katika gari la familia kiti cha mbele kina wenyewe. Kilikuwa cha Bibi, mama yake Masafa, aliyeishi nao. Bibi asipokuwapo, kilikuwa cha shemeji mkubwa. Shemeji asipokuwapo, cha mgeni, na mgeni asipokuwapo, cha mgonjwa. Kuna siku walikwenda harusini hawana Bibi, hawana shemeji, hawana mgeni wala mgonjwa, na Mama Mashuka alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa mbele. Ikaletwa keki. Keki ikakaa mbele, ikafungwa mkanda, na yeye akaenda nyuma na watoto kama kawaida. Mwanamke huyu alikijua kisogo cha mumewe kuliko uso wake, na mumewe naye, akitaka kumtazama mkewe safarini, ilimbidi ainue macho kwenye kioo.

Sasa watoto walikuwa wakubwa, wana nyumba zao, na Masafa alikuwa ameacha kulala vituoni. Hesabu yake ilikuwa rahisi: viti viwili, mume na mke, na nyuma hakuna pa kumpeleka mtu. Hesabu nzuri kabisa. Ila ilikuwa na kosa moja, tena kosa ambalo aliyelelewa vizuri tu ndiye anayeweza kulifanya. Alisahau kwamba kiti cha pili nacho ni cha mbele.

Jumamosi ya kwanza walipanga kupanda barabara ya mlimani, hadi pale juu ambapo bonde lote linaonekana. Mama Mashuka alivaa gauni lake la bluu, akafunga kitambaa kichwani kwa ajili ya upepo. Alipotoka nje na mkoba wake, alimkuta Bibi amesimama kando ya gari, amevaa koti.

"Liko chini mno," Bibi alisema. "Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nishikeni."

Wakamshika, mmoja kwapa hili na mmoja lile, wakamshusha polepole hadi akatua kitini. Gari lile lilikuwa chini kiasi kwamba mtu mzima akishaingia, kumtoa ni shughuli ya watu wawili. Bibi akavuta mkanda, akaufunga, akaweka mikono mapajani. Masafa alimtazama mkewe. Huyu ni mtu aliyewahi kubishana na askari barabarani mpaka askari akaomba yaishe, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Alivitazama viatu vyake, akazunguka, akawasha gari. Mama Mashuka akabaki getini na mkoba mkononi. Zamani angalau alikuwa na kiti cha nyuma.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila Jumamosi Bibi aliamka mapema kuliko wote, akaomba ashushwe garini kabla hata ya chai, na chai akanywea humohumo. Masafa alijaribu ujanja. Alisema gari lina tatizo la oili; Bibi akasema atasubiri. Alisema upepo si mzuri kwa kifua. Bibi akaongeza skafu ya pili. Wifi yake Mama Mashuka, aliyekaa mtaa wa pili, akamwambia kwamba hajawahi kumwona mama akiwa na furaha kiasi hicho, na kwamba Mungu ambariki kaka kwa kumkumbuka mzazi. Mama Mashuka akaitikia amina, akameza mate machungu.

Jioni moja yakamfika shingoni.

"Mwambie," alimwambia mumewe.

"Nitamwambia nini?"

"Kwamba ulilinunua kwa ajili yangu."

"Nikisema hivyo itakuwa nimemfukuza mama yangu kwa sababu ya mke. Utaipenda hiyo?"

"Kwa hiyo mimi nikae wapi?"

Masafa akasema ngoja akaangalie upepo wa matairi. Mama Mashuka alikasirika, si kidogo. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kilichomuuma zaidi, nacho hakukionea haya: alikuwa anamtaka mumewe. Alitaka kukaa kando yake, bega kwa bega, waende mahali wakirudi wamerudi pamoja, kabla magoti ya mmoja wao hayajagoma kama ya yule daktari wa meno. Alikaa jikoni akafikiri. Kumtoa Bibi kitini, haiwezekani. Mkwe ni mkwe. Kumsukuma Masafa aseme, ni kumpigia mbuzi gitaa. Lakini ndani ya gari lile kulikuwa na kiti kimoja ambacho Bibi hangekitaka hata angebembelezwa. Mama Mashuka akajikaza kisabuni. Kesho yake, alipotoka kazini, alipitia chuo cha udereva.

Mwalimu wake alikuwa mwembamba, mwenye kijiti cha meno mdomoni, na alikuwa amezoea vijana. Alimwona mwanamke wa makamo anaingia mikono ikinuka dawa ya kufulia, akashusha pumzi.

"Mama, gari si mbuzi," alimwambia siku ya kwanza. "Usilivute. Liongoze."

Klachi ilimtesa. Gari lilimzimikia mlimani, karibu na lango la hospitali anakofanya kazi, magari yakapiga honi nyuma yake, na wauguzi waliokuwa wanatoka zamu wakasimama kutazama. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, akawasha tena. Kazini, akikunja mashuka, mguu wake wa kushoto ulikanyaga klachi isiyokuwapo chini ya meza, na wenzake wakamuuliza kama mguu unamwasha. Nyumbani alisema kazi zimezidi, na ilikuwa kweli, kazi zilikuwa zimezidi. Mtihani wa kwanza alifeli. Aligonga pipa akirudi nyuma, pipa likaviringika hadi miguuni mwa askari anayesahihisha. Akarudi kujifunza. Mwalimu aliacha kushusha pumzi, na kwenye mtihani wa pili, mwanafunzi wake alipotoka garini na karatasi ya kufaulu, alikitoa kile kijiti mdomoni ili ampongeze vizuri.

Jumamosi iliyofuata baada ya kupata leseni, Bibi alikuwa kitini tangu asubuhi, amemaliza chai. Masafa aliingia ndani kuchukua kofia. Mama Mashuka akatoka na ufunguo, akafungua mlango wa dereva, akaketi. Akavuta kiti mbele. Akarekebisha vioo.

"Unatafuta nini humo?" Bibi aliuliza.

"Naendesha, mama."

"Nani kakuruhusu?"

"Serikali," akamwonyesha leseni.

Bibi aliitazama picha, akamtazama mwenye picha. "Na mwanangu atakaa wapi?"

"Leo atabaki getini. Mimi nimebaki pale siku nyingi, si pabaya."

Akawasha. Masafa alitoka mbio, kofia mkononi, mdomo wazi, akawahi kuwaona wanakata kona. Bibi alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

Gari la chuo lilikuwa gumu kama punda mzee. Hili liligeuka mtu akilifikiria tu. Usukani ulikuwa mdogo, barabara ilipita karibu na makalio, na matairi ya malori yalikuwa usawa wa masikio. Upepo ulimvua kitambaa kichwani, akakiacha kining'inie shingoni. Mama Mashuka aliogopa, na wakati huohuo alifurahi mpaka akacheka peke yake. Katikati ya mlima lori lililokuwa mbele yao likasimama. Akasimama nyuma yake, kwenye mwinuko, breki ya mkono juu. Lori lilipoondoka aliachia klachi taratibu, gari likatetemeka, likapanda bila kurudi nyuma hata kidogo. Bibi aliliona hilo. Walipofika kona ya pili akamgeukia.

"Usidhani sijui," alisema. "Unataka kiti changu."

"Ndiyo, mama. Nakitaka."

Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumjibu Bibi hivyo.

"Kiti hiki nimekisubiri, binti. Baba mkwe wako alikuwa na pikapu. Mbele alikaa mama yake, na mama yake alipofariki akakaa kaka yake. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, mvua yangu, jua langu, na mwanangu huyo, mumeo, mgongoni. Sikumnung'unikia mtu. Nilisubiri zamu yangu, ikafika. Na wewe subiri yako."

"Ilifika lini, mama?"

"Mumeo aliponunua lile gari la kwanza. Alikuja kunichukua, akanifungulia mlango wa mbele mwenyewe."

"Baba alikuwapo?"

"Angekuwapo, mimi ningekaaje mbele? Angekaa yeye. Alikuwa ameshazikwa, mwaka ulikuwa umepita. Ndiyo maana nikapewa..."

Mama Mashuka hakumsukuma. Alibadilisha gia, macho yake barabarani, maana hata yeye hakutegemea jibu hilo. Hesabu ilikuwa nyepesi, na Bibi aliimaliza mwenyewe. Yeye alipewa kiti cha mbele alipokuwa hana tena wa kukaa naye. Na ili zamu ya mkwewe ifike kwa njia hiyohiyo, mwanawe, yule aliyebaki getini na kofia, sharti kwanza awe kaburini.

"Geuza gari," Bibi alisema.

"Mama, bado hatujafika juu."

"Nimesema geuza."

Barabara ilikuwa nyembamba. Mama Mashuka alikwenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena, na hakugonga kitu. Wakashuka mlima. Bibi alijifuta macho kwa ncha ya skafu, akasema ni upepo, na mkwewe akakubali kwamba upepo ni mkali.

Masafa alikuwa palepale getini. Wakamtoa mama yake kitini, mmoja mkono huu na mmoja ule, wakamsimamisha. Alijinyoosha koti, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu kama anayemkagua baada ya ugonjwa.

"Ingia," alimwambia.

"Mama, na wewe?"

"Mimi nilikaa na baba yako nyumba moja maisha yake yote, na sijui alikuwa anatazama nini akiwa njiani. Ingia. Kaeni pamoja mngali wawili."

Mama Mashuka alikuwa amesharudi kwenye usukani, lakini Masafa, kwa mazoea, akazunguka kwenda upande huo.

"Huko kuna mtu," mama yake akamwambia.

Akarudi upande wa pili. Alijikunja, akaingia, akafunga mkanda, halafu hakujua mikono aiweke wapi. Aliiweka magotini, akaiondoa, akairudisha. Tangu ujana wake hakuwa amewahi kukaa mbele garini bila kushika usukani. Mkewe alikuwa analia na hakuficha, na mkono wake ulikuwa umeshashika gia.

"Toa breki ya mkono," Masafa alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeshatoa."

"Kulia kuna baiskeli."

"Nimeiona. Wewe kaa tu, mume wangu. Leo kazi yako ni kukaa."

Masafa akakaa.